Chai ya Maziwa na Vidonge vya Mama

Jumatatu, 4 Agosti
Nimejiahidi kuandika yote humu, hata ya kuniaibisha. Nimeamka saa kumi na moja, nimekamua, nimechemsha chai ya maziwa, nimempelekea Mama na kidonge chake cha kuongeza damu. Amekimeza mbele yangu. Cha pili jioni, vilevile. Nesi wa zahanati alinikabidhi kazi hii kwa sababu Mama husahau. Sijakosa hata mara moja tangu vianze Alhamisi. Mimba ina miezi saba.

Jumatano, 6 Agosti
Mama amekaa chini mara tatu njiani kutoka kisimani. Mwaka jana alikuwa ananiacha nyuma kwenye kilima hiki hiki, na kuni kichwani. Viganja vyake vimepauka. Jioni nimemkuta anabandua udongo wa ukuta na kuula. Amefuta mdomo haraka. Nimejifanya sijaona.

Nimeongeza majani kwenye chai, iwe nzito. Bibi, mama yake Baba, kanisifu. Kwenye nyumba hii mjamzito hapewi maji baridi asubuhi.

Alhamisi, 28 Agosti
Kliniki. Wiki nne za vidonge. Damu ilikuwa 7.8. Leo 7.9. Inatakiwa ifike 11.

Nesi akauliza, "Mama, hivi vidonge unameza au unafukia shambani?"
Mama akacheka. "Muulize askari wangu huyu."
Nikasema anameza, vyote, namwona. Nesi hakucheka. Ameandika rufaa twende kituo cha afya, kuna mashine ya kupima damu. Isipopanda, Mama hatajifungulia hapa Masieda. Atapelekwa hospitali ya mjini, na ndugu wajiandae kutoa damu.

Shangazi alikufa akijifungua. Alivuja damu, na hakuna aliyejua kwamba tangu mwanzo alikuwa nayo kidogo. Sisi tunajua. Ndiyo maana naogopa zaidi.

Jumatatu, 1 Septemba
Mashine imetoa karatasi yenye mistari mingi. Mistari minne ina herufi L, mmoja una H. Daktari hakuwepo, turudi Ijumaa. Nimetafuta kwenye simu ya Baba. Nimekuta magonjwa mengi, na saratani ya damu imo. Nimezima simu. Sijamwambia mtu.

Jumatano, 3 Septemba
Nimenakili namba zote kwenye daftari, nikampelekea Madamu wa baiolojia wakati wa mapumziko. Ameanza na kunigombeza: mstari mmoja hausomwi peke yake, na karatasi haitaji ugonjwa, daktari ndiye anayetaja. L ni chini ya kawaida, H ni juu. Halafu akanichorea. Chembe nyekundu ni wabebaji wa hewa. Za Mama ni ndogo, zina rangi hafifu, na ukubwa wake haulingani, hiyo ndiyo H. Mara nyingi, kwa mjamzito, maana yake madini ya chuma yamepungua. Na hamu ya udongo huendana na hilo.

Nikashusha pumzi. Kumbe si saratani.

Akauliza, "Vidonge anamezea nini?"
Nikajibu kwa kujisifu, "Chai ya maziwa, Madamu. Nzito. Napika mwenyewe."
Akaweka kalamu chini. Majani ya chai yanazuia chuma kisiingie mwilini. Maziwa nayo.

Ni mimi. Wiki tano, asubuhi na jioni, kwa mkono wangu.

Alhamisi, 4 Septemba
Sikusema. Nimempa kidonge na maji, kwa kuiba, Bibi akiwa zizini. Mama ametapika. Mimi ni mwoga.

Ijumaa, 5 Septemba
Daktari amesema kama Madamu. Chuma. Ameongeza dawa ya minyoo. Akauliza vidonge vinamezewa nini. Mama akasema maji, kwa sababu jana yalikuwa maji. Sikumsahihisha.

Jumamosi, 6 Septemba
Nimesema. Baba alikuwa anachambua vitunguu saumu, Bibi yuko jikoni, Mama amelala kwenye mkeka. Nimesema yote bila kupumzika, nikalia.

Bibi akasimama. "Kwa hiyo mimi na maziwa yangu ndio tunamuua?"
"Nani kafa?" Mama akauliza kutoka kwenye mkeka. "Mnanizika na bado sijala ugali."
Baba alicheka kwanza. Bibi hakucheka. Alitoka nje, akakaa muda mrefu.

Jumapili, 7 Septemba
Nimeamka, nimekuta moto umeshawashwa. Bibi amepasha maji yakawa ya vuguvugu, akakamulia limau. Si maji baridi, amesema. Chai saa nne. Hakuniangalia. Mama amemeza, hakutapika.

Jumapili, 28 Septemba
Mama yuko mjini tangu Jumanne, kwenye nyumba ya wajawazito wanaosubiri kujifungua karibu na hospitali, kwa kuwa damu ilikuwa bado haijatosha. Nimekamua, nimechemsha chai, nimesahau kwamba hayupo. Kesho Baba anampelekea maharage. Nimeweka barua humo. Nainakili hapa.

Shikamoo Mama. Sisi wazima. Mbuzi mweusi amezaa. Bibi amekutumia malimau, amesema yahesabu, yako sita. Udongo wa ukuta umepona. Kesho ni siku yako ya kupimwa. Niandikie nyuma ya karatasi hii hii, Baba arudi nayo jioni: damu imefika ngapi?