Mapua Yenye Nilichoma

Papa,

Ni mimi Neema, ule mwenye hata kuitikia jina yake kalasini anaogopa. Kwa mwalimu ninaandika français. Kwako ninaandika kiswahili yetu, juu jambo hii haitoki mu ile luga ingine.

Njia ya pori ya Kahuzi, yenye vita ilifunga, imefunguka kidogo. Tonton Cikuru, mwenye mulifuata naye gorila miaka yote, alikuja kwetu Kadutu kutafuta kaye yako ya mapua, ile daftari yenye ulichora pua za gorila.

“Maman Neema, tunarudia kupanda mulima. Bila ile kaye, tutajuaje gorila gani alibakia?”

Maman akamujibu waaskari waliibeba siku waliingia mu nyumba. Ni mimi nilimwambia vile. Papa, nilidanganya.

Ile wiki ya vita, ya masasi, hatukukuwa na karatasi ya kuwashia moto ya makala. Nilichana kaye, ukurasa kwa ukurasa. Na pa masomo walikuwa wananiita “mutoto wa makaku”, mutoto wa nyani, juu ya kazi yako, basi nilipoona mapua inawaka, nilifurahi kidogo. Hiyo furaha ndiyo inaniuma. Ulikufa bila kujua.

Basi nilisema yote palepale mbele ya Tonton, sauti kama ya kifaranga. Maman akashika mudomo. Tonton akavuta kiti pa meza, akasema:

“Basi, leta bic, uchore.”

Papa, mukono ulikumbuka! Juu kila ukirudi kazi ulinikalisha pa meza, unachora mikunjo ya pua ya kila gorila, mimi ninapita juu yake na crayon. “Watu tuko na alama ya vidole, wao wako na pua. Hakuna mbili zenye kufanana.” Nilidhani ni muchezo wa kunitoa haya. Mapua kumi na moja ilitoka.

Tonton akaangalia, akacheka mpaka machozi.

“Eh, Neema! Gorila muzee wa watu umemugeuza! Hiyo kovu iko kushoto kwake, hapana kushoto kwako. Umechora kama mwenye kujitazama mu kioo!”

Maman naye akacheka. Tangu tulikuzika sikukuwa nimesikia hiyo kicheko. Nikarudilia yote.

Jana Tonton alishuka kutoka pori. Ameona gorila wanne tu, Papa. Wengine hatujui. Lakini yule gorila mama wa mukunjo mbili iko na mutoto mugongoni, mwenye wewe hukumuona. Tonton alinieleza pua yake, mimi nikachora, nikafuta, nikachora, mpaka akasema, “Ndiye.”

Aksanti, Papa. Aksanti kwa meza, kwa crayon, kwa kunipa kazi yenye haiombi mudomo.

Nimenunua kaye mupya. Ukurasa wa kwanza ni wa ule mutoto. Ninakuahidi: kila mwenye wataona nitamuchora, na wale hawajaonekana bado nitawachungia kurasa zao, nyeupe, na jina juu.

Ulale muzuri. Huku tunaendelea kuhesabu.

Neema wako