Tundu la Volti Tano

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama na kwamba goti limeacha kukusumbua. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na siku hizi nalala usingizi mnono. Sababu nataka uisikie kutoka kwangu, maana najua kaka ameshakupigia simu akilia.

Unaikumbuka mashine yangu ya kutotolea vifaranga, ile niliyoiunda chumba cha nyuma hadi ukalalamika kuhusu moshi wa kuchomelea nyaya. Kaka aliibeba nikiwa sipo, akawaambia wafugaji wa ushirika kuwa ameiunda yeye. Nilipokulilia, ulisema mwenzangu ana familia, nimwachie. Mama, maneno yale yaliniuma kuliko wizi wenyewe.

Sasa, bodi ndogo inayoiongoza mashine ile, kwangu ilikuwa ikipata umeme kutoka kwenye kompyuta. Ukumbini kwa wafugaji, alikotakiwa kuionyesha ikifanya kazi, kompyuta hakuna, basi kaka akanunua adapta ya volti kumi na mbili. Bodi ina matundu mawili yanayokaribiana. La pembeni huupunguza umeme kwanza. Lingine, lililoandikwa tano, huupeleka moja kwa moja kwenye ubongo wa bodi, na halivumilii kuzidishiwa. Kwa kuwa hakujua lipi ni lipi, alijifungia chooni akanipigia simu.

Nilimwambia ukweli mtupu: chomeka kwenye la pembeni, la tano usiliguse. Akacheka. Akasema, "Unaniona mtoto? Una kinyongo na mimi, halafu leo unielekeze vizuri?" Akakata simu, akaenda kuchomeka kwenye la tano mbele ya watu wote.

Katibu wa ushirika ndiye aliyenisimulia. Moshi ulipanda kaka akiwa bado anajitambulisha. Walipomuuliza ni kitu gani kimeungua, alisema ni joto la ukumbini. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, kisha wakambana mpaka akasema nani hasa aliiunda.

Hapo utasema sina kosa, nilimwelekeza sawasawa. Sitaki unitetee kwa jambo usilolijua. Mimi kaka nikimwelekeza kitu humfokea, na akifokewa ndipo huamini. Siku ile nilimsemesha polepole, nikamwita kaka yangu kipenzi, nikamtakia kila la heri. Nilijua akiisikia sauti ile atafanya kinyume. Nilimpa ukweli kwa sababu nilijua hataupokea. Nilifurahi, mama, na bado nafurahi.

Jumatatu nafunga bodi mpya mbele ya wafugaji walewale, na safari hii wananijua kwa jina. Nisalimie shangazi, na watoto wa kaka pia, wao sina ugomvi nao. Najua utaniandikia kuniomba nimchukue kaka awe msaidizi wangu. Barua yako nitaisoma kwa heshima zote, kisha nitaikunja na kwenda kazini peke yangu.

Ni mimi binti yako,
fundi wa mashine ile.