Keza Apata Jina Ogembo

Dada yangu Mercy,

Hamjambo Nakuru? Huku Ogembo mvua haipumziki, na wifi zangu pia. Tangu tufike na Keza wetu tuliyemchukua Burundi tumlee, wanamkagua kama ng'ombe wa mnada. "Ni wa ukoo gani huyu? Wimbi atakula?" Tulipotaka apewe jina la ukoo, eti mtoto wa nje hapewi jina la marehemu wa hapa. Nikawauliza kwa upole, mbona mimi pia nilitoka nje na sufuria zote naosha mimi?

Jana Keza alimaliza ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga chungu ambayo wajukuu wa Nairobi huificha chini ya meza. Kisha akamnyooshea mama mkwe sahani, akimwita bibi kwa Kikisii: "Magokoro, ongeza!"

Mama mkwe akacheka hadi akafuta machozi. "Mama mkwe wangu mimi, marehemu Kemunto, alikula hivihivi. Huyu ni Kemunto. Nani ana swali?"

Sasa wifi wanagombania kumbeba. Sufuria bado hazijapata wa kuzigombania.

Kemunto anakukumbatia. Tukija, pika mboga nyingi.

Mdogo wako,
Damaris