Majani ya mpaka

Point, huku ukimbizini, Jumapili

Niko na miaka makumi nane na moja. Nimezika bibi yangu wa ndoa na machifu watatu. Kule Kivu hakuna juge, hakimu, aliyenishinda kukata kesi, hata wenye diplome.

Leo kanisani Furaha wa saluni akanisimamia mbele. "Baba Juge, shamba letu ulimupa jirani. Miti ya mpaka aliipanda siku moja tu kabla ya kesi. Papa yangu alikufa bila shamba."

"Miti niliiona kwa macho yangu!" nikamujibu.

Niliiona, ndiyo. Majani yalikuwa yamenyauka. Mti wa zamani haunyauki vile. Lakini nilikuwa nimekwisha kutamka mbele ya watu, na mimi...

Shahidi ni karani wangu Bahati, kama angali hai. Siku ile alininong'oneza, "Juge, angalia majani." Nikamwambia: andika vile nimetamka.