Rafiki Yangu Amebaki Kiwiko Tu Kwenye Video

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu. Ukurasa wako huwa tunausoma darasani kwa zamu wakati wa mapumziko, kwa hiyo naomba usitaje shule yetu, na kama itawezekana ubadilishe rangi ya ukuta nitakaoutaja huko mbele, maana kila mtu hapa anaujua. Nina jambo ambalo ukilitazama haraka utasema ni la video tu, na hata mimi mwanzoni nilijiambia ni la video tu, lakini sasa nimeanza kumkwepa rafiki yangu kwenye foleni ya chakula, ndipo nikaona nikuandikie kabla mambo hayajaharibika zaidi.

Shuleni tuna kikundi cha wasichana cha kucheza. Na mimi nilikuwa mchezaji, lakini mjomba wangu ni mpiga picha za harusi na amenifundisha kuhariri kwenye kompyuta ya dukani kwake, kwa hiyo ilipoamuliwa tutengeneze video ya wimbo wa kaka yake Kapteni (Kapteni ni kiongozi wetu, tunamwita hivyo na yeye mwenyewe anapenda), wote walinigeukia mimi, nami nikaacha kucheza nikashika kamera. Kusema kweli nilifurahi, kwa sababu natamani siku moja hii ndiyo iwe kazi yangu. Video itaonyeshwa ukumbini siku ya kufunga shule, wazazi wakiwepo.

Katika kikundi yumo rafiki yangu ambaye tumekaa dawati moja tangu shule ya msingi. Wenzetu wanamwita Kesho. Walimpa jina hilo kwa sababu hatua zake huchelewa kidogo, kidogo sana, kama mtu anayefikiri kwanza ndipo ajibu. Akiingia mazoezini utasikia, "Kesho, umefika au bado uko njiani?" naye anacheka kuliko wote. Wasichokijua, Shangazi, na ambacho hapa shuleni nakijua mimi peke yangu, ni kwamba sikio lake la kushoto halisikii kabisa na la kulia linasikia kwa kubahatisha, ndiyo maana siku zote mimi hukaa kulia kwake. Nyumbani mama yake anajua, ila anaamini litafunguka lenyewe akikua. Mimi aliniapisha nisimwambie mtu, maana anasema wakijua watamtoa kwenye kikundi kwa kumhurumia, na yeye hataki kuhurumiwa, anataka kucheza.

Mazoezini hachelewi sana, kwa sababu jukwaa la ukumbi wetu ni la mbao, spika tunaiweka chini, na ngoma inampandia miguuni. Lakini siku ya kurekodi mimi ndiye niliyesema twende nyuma ya tangi la maji, kwa sababu ukuta wa pale umepakwa manjano na jua la saa kumi likiupiga unapendeza mno, na sikuwaza hata kidogo kwamba pale chini ni saruji. Ngoma ilipoanza nilimwona kupitia kamera akiutafuta mdundo kwa nyayo na hauoni, kisha akanitazama mimi, nami bila kufikiri nikaanza kupigapiga mguu wangu chini huku nimeshika kamera, naye akawa anaufuata. Kwa hiyo sasa kwenye video wenzake wote wanatazama mbele kama tulivyopanga, na yeye kila mara macho yanashuka pembeni, halafu ndipo hatua yake inakuja, imechelewa.

Nimehariri kwa mitindo miwili. Wa kwanza nauita mkasi: kila ngoma inapolia nakata, unaona bega, unaona viatu, unaona nywele zikirushwa, na katikati mwanga unawaka na kuzima. Wa pili nauita dirisha: kamera imetulia na wote wanaonekana kuanzia kichwani hadi miguuni, wimbo karibu mzima bila kukata. Mwalimu wetu wa muziki anataka dirisha. Aliniambia, "Binti, kucheza ni kazi ya mwili mzima. Ukinionyesha kiwiko tu, nitajuaje kama kuna mtu amekibeba?" Kapteni na kaka yake wanataka mkasi, kwa sababu wanasema video ikipoa watu wanaizima kabla wimbo haujafika kwenye kiitikio. Na mkasi kweli umetoka vizuri, Shangazi, sisemi kwa majivuno, ila katika mkasi rafiki yangu amebaki kiwiko na upande wa sketi.

Kapteni alikuja dukani kwa mjomba kuangalia. Alipoona mkasi akapiga makofi. "Hii ndiyo yenyewe! Na Kesho wala haonekani kuchelewa."

"Haonekani kabisa," nikamwambia. "Amebaki kiwiko."

"Afadhali! Kiwiko hakichelewi."

Nikamwonyesha dirisha, akashika kichwa. "Jamani, huyu mbona anakodolea chini kama anatafuta sarafu iliyodondoka? Tutachekwa na wazazi wetu wenyewe. Usituletee haya. Mkate!"

Mjomba, aliyekuwa anafunga picha kwenye fremu, akainua uso akasema, "Mkate upo, ila chai bado haijachemka," na Kapteni akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Tangu nianze kujifunza nimekuwa nikisema kata hapa, kata pale, bila kuwaza mara mbili, lakini neno lilelile lilipowekewa mtu ndani yake nilihisi kama nimeambiwa nifanye kitu kingine kabisa.

Kila asubuhi rafiki yangu ananiuliza, "Nimetoka vizuri?" nami namjibu, "Umetoka vizuri sana." Juzi akaniambia mama yake ameshaomba ruhusa kazini ili aje amwone kwenye skrini. Nikichagua mkasi, atakaa pale na mama yake akijisubiri mpaka wimbo uishe. Nikichagua dirisha, watamcheka kwa kuchelewa na kwa kukodoa, na watamwita Kesho mbele ya mama yake, na nikitaka kumtetea itanibidi nitoe siri yake. Nimefikiria hata kusema kompyuta imeharibika na kazi yote imepotea.

Shangazi, naomba unisaidie, nichague mtindo upi? Na je, kuna mtindo mwingine ambao bado sijafundishwa?

Wako,
Mshika Kamera

*

Mpendwa Mshika Kamera,

Marahaba, mwanangu. Rangi ya ukuta nimeibadilisha kama ulivyoomba, na majina ya utani pia. Jibu hili nakutumia wewe kwanza; gazetini litatoka tu rafiki yako akikubali. Tangi la maji nimeliacha, maana shule zote zinakunywa maji.

Pole sana. Kukaa kulia kwa mtu tangu mkiwa wadogo, bila kumwambia yeyote kwa nini, huo ni urafiki ambao watu wazima wengi hawajawahi kuuonja. Nimekuelewa na sina shaka na moyo wako. Sasa kaa vizuri nikugombeze kidogo.

Video hiyo ameiona Kapteni, ameiona kaka yake, ameiona mwalimu, na mjomba ameichungulia akiwa na fremu mkononi. Ambaye hajaiona ni mwenye kiwiko. Asubuhi unamwambia "umetoka vizuri sana," mchana unamkwepa kwenye foleni, halafu unadhani hajui? Mwanangu, msichana huyo anaishi kwa kutazama. Alisoma mdundo kwenye kiatu chako, atashindwa kusoma uso wako? Anajua kuna kitu. Asichojua ni kitu gani, na huko kutojua kunamtesa kuliko video yoyote. Na lile wazo la kompyuta kuharibika, lifute leo. Ukishasema uongo huo, utamnyima rafiki yako hata hicho kiwiko.

Umeniuliza mkasi au dirisha. Mimi si fundi wa video, ila na mimi nakata kila wiki. Barua yako ilikuja ndefu kuliko gazeti lenyewe. Nimeondoa maelezo ya taa, nimetoa habari za kompyuta inayokwama, na nimetoa kisa cha viatu vya Kapteni ingawa kilinichekesha. Lakini kuna maneno ambayo kila nilipopitisha kalamu yaligoma kutoka: "kisha akanitazama mimi." Nikitoa hayo, barua yote inalala.

Hapo ndipo penye video yako, na wewe unapaona ni doa. Umetuonyesha mtu anayetazama, hukutuonyesha anachokitazama. Mtu akishusha macho pembeni bila sababu, lazima tumcheke, hata mimi ningecheka. Lakini tukikiona na sisi kile anachokiona, hatumcheki tena, tunakwenda naye.

Kwa hiyo rudi nyuma ya tangi saa kumi, jua likiwa palepale. Kamera mpe mjomba. Vaa viatu ulivyovaa siku ile, simama uliposimama, washa wimbo, na upige mdundo kwa mguu. Mjomba arekodi mguu huo tu. Kisha rafiki yako anaposhusha macho, tuonyeshe mguu wako ukipiga, na anapokanyaga, mrudie yeye, mzima, kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. Mguu umeita, naye ameitika. Nani atasema amechelewa? Hakuna anayeitika kabla hajaitwa. Usifanye hivyo kila mara, utachosha watu. Fanya pale macho yake yanapong'aa zaidi, na kwingine waache wachezaji wote waonekane wazima, kama mwalimu anavyotaka.

Jambo jingine. Umesema unakata kila ngoma inapolia. Acha. Wimbo kila mtu anausikia tayari, huna haja ya kuupigia mstari. Kata pale mguu unapotua chini. Hizo ni nukta chache sana baada ya ngoma, lakini ndizo alizonyimwa rafiki yako: ulikuwa unaondoka kabla hajafika. Msubiri. Kapteni atapata mkasi wake na hatagundua kwamba mkasi sasa unafuata miguu.

Ila hayo yote ni ya baadaye. Kwanza, kesho asubuhi, akikuuliza "Nimetoka vizuri?" mjibu, "Njoo uone." Mpeleke dukani mkiwa wawili. Kaa kulia kwake. Mwonyeshe mkasi, mwonyeshe dirisha, kisha mwambie, "Mahali nilichagua mimi. Nilitazama ukuta, sikutazama chini. Nisamehe." Halafu mweleze habari ya mguu na umuulize kama anakubali. Akikubali, mnafanya. Akikataa, hufanyi, hata kama ni wazo zuri la Shangazi wa gazetini. Uso ni wake na siri ni yake. Na mkiwa hapohapo, muulize kama jina hilo la Kesho linamfurahisha au analimeza tu. Akisema analimeza, wewe uwe wa kwanza kuacha kulitumia, wengine watafuata polepole.

Kapteni akija na amri zake, huna haja ya kumweleza habari za masikio ya mtu. Mwambie tu, "Nakata vipande, mtu simkati." Akinuna, atanuna wiki moja. Akiona video imependeza, atasema wazo lilikuwa lake, na wewe mwachie, usigombanie.

Kuhusu lile sikio, hili silisemi kwa ajili ya video. Halitafunguka lenyewe kwa sababu mwenyewe ameongezeka urefu. Mama anayeomba ruhusa kazini kuja kumwona bintiye kwenye skrini ni mama anayempenda, basi rafiki yako amwombe ruhusa ya siku nyingine moja, waende hospitali kwa daktari wa masikio likizo ikianza. Kama anaogopa kumwambia peke yake, mwende wote wawili, na wewe uwe karibu tu, maneno aseme yeye.

Mwisho, siku ya kufunga shule, kabla wazazi hawajaingia, mwombe mwalimu wa muziki spika ziwekwe chini jukwaani, kwenye mbao, na viti vyenu, pamoja na cha mama yake, viwe palepale juu, karibu nazo. Huna haja ya kumpa sababu. Mama yake mwache akae kushoto kwake.

Kulia ni pako.

Shangazi