Hodi Mlangoni kwa Bi. Mize

Shoga yangu Raya,

Asumini ya mama yako imekatwa. Nilitaka nianze kwa kukuombea dua, kama watu wanavyofanya, lakini mwezi mzima nimekaa na jambo hili moyoni. Imekatwa yote, pamoja na mirehani iliyokuwa pembeni. Waliokata ni watoto wetu wa skuli. Na wamekata kwa jina lako, Raya. Hivyo ndivyo walivyoambiwa.

Ngoja nikueleze, maana wewe uliondoka na homa yako masika yale, hukuona mambo yalivyokuja kugeuka.

Unaukumbuka mfereji wa maji wa mtaani kwetu, lile bomba la kuchotea, hapa Ng'ambo? Skuli zilikuwa zimefunguliwa kwa watoto wote bila ada, madarasa yamefurika, na wewe ukasema watoto hawa wasisomeshwe uraia kwa kukariri tu. Mimi nikakucheka. Siku ya kwanza tulitoka na mafagio, tunataka kufagia vichochoro, ukatusimamisha kwenye mlango wa kwanza. "Hakuna kugusa kitu kabla ya hodi," ukasema. Tukapiga hodi, tukakaribishwa, na watoto wakauliza mtaa unataka nini kwao. Yule bibi mwenye nyumba alicheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani. "Kufagia nshafagia tangu alfajiri, wanangu. Nendeni mkatazame dimbwi la pale mferejini."

Nilitamani kulificha fagio langu. Basi hesabu za wiki ile zikawa za dimbwi. Watoto walilaza chupa yenye maji nusu juu ya ubao, wapate kujua ardhi inainamia wapi, wakachimba mtaro. Kwenye somo la Kiswahili wakaandika barua kwa wahusika wa maji, na fundi akaja kweli kubadilisha bomba lililokuwa likivuja. Nakuona ulivyokaa jioni ile barazani kwa mama yako, miguu imejaa tope, unamsaidia kufunga vikuba, vile vishada vya asumini na mrehani, vya harusi ya watu, na unavifunga vibaya. Akakunyang'anya uzi. "Wewe kasomeshe watoto wa watu, maua niachie mwenyewe."

Sasa sikiliza. Ulipokufa, wakubwa walikuja kuutazama mtaro. Wakausifu. Wakasema mfano wa marehemu uenezwe skuli zote, kuanzia mjini mpaka Paje, na kila skuli iwe na siku yake ya kujitolea. Nililia kwa furaha siku ile, mjinga mimi. Kumbe walichokiona ni majembe tu. Maagizo yalipokuja yalikuwa na nyimbo, na gwaride, na ukubwa wa eneo la kusafishwa. Hodi haikuwamo. Wala hapakuwa na mahali paliposema kwamba mtoto amuulize mtu kitu.

Mwalimu mkuu wetu mpya akaambiwa atafute pori, lifyekwe, ipandwe mihogo. Akazunguka nyuma ya nyumba za watu, akaiona asumini. Nikamwambia lile si pori, ni asumini ya Bi. Mize, mama yake Raya huyo huyo tunayemwimba, na vikuba ndivyo vinavyomlisha. Akanitazama kama mtu aliyeona nzi kwenye chai yake. "Bi. Salma, ardhi ni ya umma. Au wewe hutaki kujenga taifa?" Swali hilo, shoga, siku hizi ukiulizwa mbele ya watu unanyamaza. Mimi sikunyamaza. Nikamwambia basi akamuulize mwenyewe kwanza, nyumba yake ile pale. Akanipeleka upande wa pili wa uwanja, nikawapange watoto wa darasa la kwanza kwa gwaride.

Walirudi adhuhuri wanaimba. Raya, walikuwa wananukia. Mikono inanukia, majembe yananukia, wasichana wamejichomeka asumini kwenye nywele. "Mwalimu, tumelimaliza pori lote!" Walikuwa na furaha ya kweli, ile ya siku ya mtaro, na mimi sikujua niwagombeze au niwakumbatie. Wao wenyewe ndio walionisimulia kwamba Bi. Mize alitoka akasimama kuwatazama. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Nyinyi si watoto wa Raya?" Wakaitika kwa fahari, wote pamoja, "Naam, Bi!" Akaingia ndani, akafunga mlango.

Nimekasirika, Raya. Namkasirikia mwalimu mkuu, nawakasirikia waliomtuma, na siku nyengine nakukasirikia wewe, kwa kufa na kutuachia kitu kizuri kisicho na wa kukitetea. Na mihogo yenyewe, kama unataka kujua, imeliwa na mbuzi. Hakuna aliyetumwa kuitazama. Waliokuja kupima eneo walipima, wakapiga na picha, wakaenda zao.

Jana nilitoka na darasa langu la sita wakati wa somo la uraia. Ruhusa sikuomba. Leo mwalimu mkuu keshaniambia kwamba nikitoka tena na watoto bila yeye kujua atanihamisha, na anaweza. Siku ile ya gwaride nilikuwa nimeokota matawi kwenye rundo walilolitupa, nikayachomeka kwenye makopo ya maziwa dirishani kwangu, na baadhi yameshika. Tukabeba makopo, tukabeba na majembe ya kupandia. Njiani nikawaeleza lile pori lilikuwa nini. Hawakuimba tena.

Mlangoni kwa mama yako niliwaachia wao. Ndani tulisikia kinu, mtu anatwanga. Wakapiga hodi. Kinu kikanyamaza. Wakapiga ya pili, wakapiga ya tatu. Yumo ndani, Raya, nilisikia hata kikohozi chake, na hakusema karibu. Basi tukageuka, kama ulivyotufundisha, kwamba hodi tatu zikikosa jibu mtu anarudi alikotoka na hanung'uniki. Mtoto mmoja akauliza kwa nini tusipande tu twende zetu, atakuja kuiona imeota. Nikamwambia ndivyo ilivyokatwa, bila ya yeye kuulizwa.

Tulipofika kwenye mtaro, msichana mmoja, katika wale waliojichomeka maua siku ile, alikuwa analia. "Mwalimu," akasema, "labda ametuchungulia dirishani akayaona majembe."

Niliyatazama yale majembe mabegani mwao njia nzima mpaka skuli.

Haya, shoga yangu. Mungu akupe huko uliko baraza yenye kivuli, na kila unapopiga hodi uitikiwe. Siwezi kukuahidi kwamba mama yako atafungua. Anaweza asifungue mpaka siku ya kuhamishwa kwangu, na ana haki yake. Ninachokuahidi ni kwamba maadamu nipo hapa, kila Alhamisi tutasimama pale nje na makopo yetu, tupige hodi, tungoje. Majembe tutayaacha skuli.

Mwenzio,
Salma