Panya wa Botond

Szeged, Jumapili asubuhi

Mdogo wangu Botond,

Nakusalimu wewe, wifi yangu Tímea, na Jolánka wetu mdogo. Huku tu wazima. Mama kikohozi kimemrudia kama kila vuli, lakini nguvu za kunigombeza bado anazo. Nakuuliza hali, na safari hii siulizi kwa desturi tu. Ule uvimbe wa kwapani uliosema umerudi, umefikia wapi? Unaamka shuka imelowa jasho? Usinijibu kwamba upo upo tu, kama ulivyozoea. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu utanikatiza kwa mzaha, na haya sitaki yakatizwe.

Vitunguu vyako vilifika salama. Mzee Rezső, anayewatunza panya wetu, amelitundika shada lote kwenye jiko dogo la maabara yetu, akalalamika kwamba ninyi watu wa Makó, mji wa vitunguu, mngezaliwa mkiwa vipofu bado mngetuma vitunguu. Halafu akaniuliza unaendeleaje. Yeye ndiye aliyeandika jina lako kwenye vizimba kwa kalamu nene, ingawa kwenye karatasi za Profesa Ormándy, mkuu wetu wa maabara, wewe ni namba. Tangu siku ile kila mtu anawaita panya wa Botond. Nawe ulipopata habari ukacheka, ukataka kujua kama wameshaanza kubishana na mama mkwe.

Unakumbuka tulivyofika hapo. Saratani yako ya seli T, zile chembe nyeupe za kinga, iliporudi, daktari alikuwekea njia mbili: upandikizwe uboho wangu, uliopatana na wako, au ujaribu vidonge vipya. Uboho uliuogopa tangu jirani yenu aingie hospitali kupandikizwa asitoke. Ndipo profesa akasema tusibahatishe, tuwaulize panya. Tulichukua kipande cha tezi yako tukakipandikiza kwa panya wasio na kinga ya mwili, kwa kuwa hao hawawezi kukataa kitu cha mgeni. Ugonjwa wako ukishika ndani yao, wao wangeonja dawa kwanza kwa niaba yako. Uvimbe ukaota vifuani mwao, wakaanza kuhema kwa shida. Wengine tukawapa vidonge, na uvimbe ukanywea kabisa. Nilikupigia simu nikilia kwa furaha. Wewe ukamwambia daktari uboho wa dada ubaki kwa dada, ukawamiminia majirani pálinka, ile pombe kali ya aprikoti ya mama, mkanywa kwa afya ya panya.

Wiki iliyopita profesa aliniagiza nimtengenezee picha za kupendeza za kwenda kuonyesha kwenye mkutano Vienna. Nikakata vipande vyembamba vya uvimbe wa wale panya ambao hawakupewa dawa, nikavitia rangi inayoshika seli za binadamu peke yake. Haikushika. Nikadhani nimeharibu mwenyewe, nikarudia, na pembeni nikaweka kipande cha findo la mtu, ambacho lazima kishike rangi. Findo likageuka kahawia, safi kabisa. Uvimbe haukubadilika. Nikapima panya mmoja baada ya mwingine, jibu likawa lile lile.

Botond, uvimbe ule haukuwa wako. Panya hawa wasio na kinga wana maradhi yao: umri ukienda, wengi huota wenyewe saratani ya seli T, palepale kifuani. Kila mtu wa kazi hii anajua, ndiyo maana kipimo hicho hufanywa mwanzoni, kabla dawa yoyote haijatolewa. Profesa alikiruka. Alisema uvimbe umeota tulipoutarajia, sasa tunataka nini tena, kisha akaagiza keki.

Nilimpelekea profesa vioo vyangu vyenye vile vipande. Alivitazama kwenye hadubini, akavua miwani, na swali lake la kwanza lilikuwa nani mwingine ameviona. Akaniambia nisipandishe presha bure, eti atapima upya akitoka Vienna, na kwamba daktari wa mgonjwa asisumbuliwe kwa sasa kwa sababu dawa nyingine huchelewa kufanya kazi. Nikamuuliza, na Botond je? Akaniuliza Botond ni nani.

Nina hasira, utaona kwenye mwandiko. Sikumsubiri. Nilimpigia daktari wako mwenyewe, nikamweleza yote. Alisema vidonge uviache mara moja, na Jumatano asubuhi uje ulazwe. Watajaribu kwanza kuupunguza uvimbe kwa dawa kali, na ukikubali kupungua, ndipo uboho. Nilimuuliza kama tumechelewa. Alisema kuanza kiangazi kungekuwa bora zaidi, na hakutaka kusema zaidi ya hapo. Uoga wako uje nao, lakini uje. Mimi nimeshatoa damu ya vipimo.

Usiwachukie panya. Hawakuwahi kubeba kitu chako. Kile kipande chako hakikushika hata kwa mmoja wao, kilikufa chenyewe kimya kimya, na ugonjwa wako haukupata pengine pa kuishi ila kwako. Wao walikuwa na ugonjwa wao, nasi tukautibu vizuri mno.

Mwambie Tímea nitakuja kulala na Jolánka siku mtakazokuwa hospitali. Mama bado sijamwambia, naomba tumwambie pamoja. Rezső anakusalimu, amelifuta jina lako kwenye vizimba. Nasi sote huku hatujambo, na panya waliopewa vidonge nao hawajambo kabisa.

Ni mimi dada yako,
Hajnalka